Injini Iliyofunguliwa Haijafa

Ukiulizia lori kuukuu Nairobi, utaambiwa: "Hiyo injini imeshafunguliwa, achana nayo," yaani imewahi kufumuliwa kwa matengenezo. Imani hii imewafanya wenye malori wengi watupe injini nzuri na kununua iliyotumika ng'ambo, ambayo historia yake hakuna anayeijua.

Injini za dizeli za malori huundwa zikitarajiwa kufunguliwa. Nyingi zina slivu, mikebe ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Zikilika, hung'olewa na kuwekwa mpya. Krankishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, nayo husagwa, kwa kawaida milimita 0.25 kila hatua, kisha huvalishwa beringi nene zaidi za kuziba pengo hilo.

Kinachoua injini ni kufunguliwa bila kupima. Kwenye gereji za Barabara ya Kirinyaga, wengi wetu tunaiita Grogan, muulize fundi kama ana maikromita, kifaa cha kupimia unene kwa usahihi. Krankishafti ipimwe katika kila shingo, yaani sehemu inayozunguka ndani ya beringi, mahali pawili kwa pembe mraba, maana huweza kulika upande mmoja ikawa yai. Kulika kwa sehemu chache za mia za milimita kunatosha kushusha presha ya oili. Tena bolti za silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, zikazwe kwa spana inayoonyesha nguvu, kwa mpangilio wa kitabu cha mtengenezaji. Mkono pekee, hata wa fundi hodari, hautoshi.



Kwa hiyo unaponunua, omba karatasi ya vipimo.