Raia, na uchaguzi wa Blaise Diagne

Nimesoma tena, kwa mara ya tatu mwaka huu, kwamba mwaka 1914 Blaise Diagne alichaguliwa na "raia wa Senegal" kuingia katika bunge la Ufaransa. Raia ni mtu ambaye sheria inamtambua kuwa mwenye nchi, mwenye haki na wajibu ndani yake. Maana hiyo haina shida. Shida imo katika safari ya neno lenyewe.

Kwa Kiarabu, ra'iyya ni kundi la mifugo linalochungwa, na ndiyo maana hadithi isomwayo sana misikitini humwita kila mtu mchunga atakayeulizwa juu ya raia yake. Kutoka malishoni neno likahamia kwa watu walio chini ya mtawala: wanaolindwa, wanaotozwa kodi, wasioulizwa neno. Waarabu wa leo humwita mwenye nchi muwatin, kutokana na watan, yaani nchi ya mtu. Sisi tumebaki na raia, tukalipandisha cheo bila kulibadilisha jina, na kwa hiyo neno moja limebeba mtawaliwa wa jana na mwenye nchi wa leo.

Kwa Diagne, tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya maisha. Alizaliwa kisiwani Gorée mwaka 1872, mtoto wa mpishi, akawa ofisa wa forodha katika makoloni kadhaa, Madagascar ikiwemo. Waliompigia kura walikuwa watu wa miji minne tu: Saint-Louis, Gorée, Rufisque na Dakar. Mkulima wa bara hakuwa na kura, na ofisa wa kikoloni aliweza kumfunga au kumtoza faini bila kumfikisha mahakamani. Hata watu wa mijini walikuwa na kura bila uhakika wa uraia, kwa kuwa wengi wao walikuwa Waislamu waliofuata sheria ya dini yao katika ndoa na mirathi, jambo ambalo watawala walilifanya kizuizi.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilimpa Diagne nafasi. Sheria ya Oktoba 1915 iliwaingiza wenyeji hao katika jeshi la kawaida la Ufaransa. Ile ya 29 Septemba 1916, fupi mno, ikatamka kwamba wao na vizazi vyao ni raia wa Ufaransa na wataendelea kuwa raia. Katika maneno hayo "na vizazi vyao" ndiyo yenye uzito, maana yaliutoa uraia katika mipaka ya mji na kuutia katika damu. Lakini mwaka 1918 Diagne huyohuyo aliandikisha askari zaidi ya 60,000 katika Afrika Magharibi, na wengi wao walikwenda vitani wakiwa watawaliwa.

Basi ni sahihi zaidi kuandika kwamba mwaka 1914 alichaguliwa na wapiga kura wa miji minne. Neno raia, kwao, lianze mwaka 1916. Kwa Wasenegali wengine, lisubiri sheria ya mwaka 1946 iliyowapa watu wa makoloni uraia, iitwayo kwa jina la mbunge wa Senegal Lamine Guèye, miaka kumi na miwili baada ya Diagne kufariki.