"Lakini Maji Nimeyachemsha"

Nikiisikia kauli hii mara moja zaidi nitaibandika ukutani kwenye duka la dawa. Hunijia kutoka kwa mzazi anayechanganya dawa ya unga ya mtoto, kwa anayesuuza lenzi za macho, kwa mwenye mzio anayejisafisha pua, na, Mungu atusitiri, kwa anayetaka kuzimua dawa ya sindano nyumbani. Wote wanaamini kwamba maji yakishatokota yametakasika, na yanaweza kuingia popote mwilini.

Mimi huuliza kwanza: yanaingilia wapi?

Ya kunywa hayana ubishi. Kuchemsha kunaua bakteria, virusi na vimelea vinavyoleta kuhara, na wengi wao hufa hata kabla maji hayajatokota. Tumbo lina asidi yake, na masalia machache halitishiki nayo. Kinachoharibu hapo ni kikombe kichafu cha kuchotea, baada ya moto kuzimwa.

Tatizo ni hayo masalia, maji yakiingilia kwingine. Spora, yaani bakteria waliolala ndani ya ganda gumu, za baadhi ya bakteria, wakiwemo wa jamii ya Clostridium na Bacillus, hustahimili nyuzijoto 100 bila wasiwasi. Ndiyo sababu otoklevu, mashine ya kutakasia vifaa vya hospitali, hutumia mvuke wenye shinikizo wa nyuzijoto 121, kwa kawaida dakika 15. Sufuria yako haifiki huko hata uichochee kuni usiku kucha.

Halafu kuna jambo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa hata wenzetu wa afya hulisahau: bakteria aliyekufa bado anaweza kudhuru. Kuta za bakteria wengi wa majini zina sumu iitwayo endotoksini, na ikiingia kwenye damu huleta homa kali, baridi ya kutetemesha, hata mshtuko wa kuangusha shinikizo la damu. Mwaka 1923 mwanabiokemia Mmarekani Florence Seibert alionyesha kwamba homa zilizokuwa zikifuata sindano za maji yaliyokenekwa zilitokana na sumu za bakteria zilizobaki ndani ya maji yenyewe. Maji yalikuwa yamegeuzwa mvuke na kupozwa, lakini matone yaliyorushwa na mvuke yalibeba uchafu. Kuharibu endotoksini kwenye vyombo vya kioo huhitaji joto kavu la nyuzijoto 250 kwa dakika 30. Kwa hiyo kichupa kidogo cha maji ya sindano unacholalamikia bei yake hakijajazwa maji ya kunywa. Na ukiisha kukifungua, usikiweke kiporo.

Pua ni hadithi nyingine. Amiba aitwaye Naegleria fowleri ukimmeza hakufanyi kitu. Akipandishwa puani hufuata neva ya kunusa hadi kwenye ubongo, na karibu kila anayeambukizwa hufa. Mwaka 2011 huko Louisiana, Marekani, watu wawili walifariki baada ya kujisafisha pua kwa maji ya bomba ya nyumbani. Ni ugonjwa adimu sana, lakini kinga yake ni rahisi mno, haifai kuipuuza: maji yaliyochemka dakika 1 (dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000 hivi), yakapoa, au maji tasa (yasiyo na kijidudu hai chochote) ya dukani.

Utaniuliza: si umesema kuchemsha hakuui kila kitu? Ndiyo. Kwa pua tunaridhika kwa sababu amiba hufa, na zile spora kwa kawaida hazina la kufanya humo. Haya ni makadirio ya hatari, si usafi kamili, na mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka namshauri maji tasa bila kujadiliana.

Jicho: lenzi haziguswi na maji. Ya bomba, ya kuchemsha, ya chupa, yote hapana. Amiba mwingine, Acanthamoeba, hujifunga ndani ya gamba linalostahimili klorini, hushika kwenye lenzi, kisha hula konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Tiba yake huchukua miezi. Tumia dawa ya lenzi. Tuendelee.

Dawa ya unga ya mtoto ndipo maji ya kuchemsha yanapofaa, na ndipo watu huyamimina yakiwa bado ya moto! Antibiotiki kama amoksilini huuzwa ikiwa unga kwa sababu ikikutana na maji huanza kuvunjika, na joto huharakisha. Poza kwanza. Gonga chupa unga uachane, tia maji kiasi, tikisa, subiri povu lishuke, ndipo uongeze hadi mstarini. Ukisoma mstari kwenye povu dawa itakuwa nzito kuliko ilivyopangwa. Tarehe iliyo kwenye boksi ni ya unga. Ukishachanganya una siku 7 au 14 hivi, kulingana na dawa. Andika tarehe kwenye chupa.

Kuna mahali hesabu yangu inayumba: kidonda. Kwa mantiki yote hii ningedai maji tasa, lakini tafiti zilizolinganisha maji safi ya bomba na maji ya chumvi tasa katika kuosha majeraha ya kawaida hazikuona maambukizi yakizidi. Nadhani wingi wa maji yanayosukuma uchafu nje una uzito kuliko utasa wake. Nasema nadhani. Jeraha lenye kina, la kung'atwa au linaloonyesha mfupa, lifunike kwa kitambaa safi uende hospitali.