Jasho Si Kipimo: Michezo ya Video na Mazoezi ya Anayetumia Kiti Mwendo

"Huyo anacheza tu."

Kijana aliyeumia uti wa mgongo husikia maneno hayo akiwa mbele ya televisheni, rimoti ya Wii, mashine ya michezo ya video, mkononi, akirusha ngumi za mchezo wa ndondi. Mtazame kwanza. Breki za kiti amezifunga. Kila ngumi ya kulia inamvuta kiwiliwili kwenda mbele, naye hujirudisha kwa mabega na shingo, maana misuli ya tumbo haimtii tena. Raundi ya pili ikiisha anaongea kwa vipande. Moyo na mapafu yamefanya kazi, na hayo ni mazoezi, hata kama miguu haikusogea.

Wengine wamevuka upande wa pili: ukishika rimoti tu, umefanya mazoezi. Hapana. Wii, iliyotoka mwaka 2006, husoma mwendo wa rimoti, si wa bega. Mjanja atashinda tenisi kwa kutikisa kifundo cha mkono, bega limelala. Walioumia uti wa mgongo wanashauriwa angalau dakika 20 za mazoezi ya kuhemesha, mara 2 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara 2. Kwa faida ya moyo na sukari mwilini, ni dakika 30 mara 3. Unacheza kwa nguvu ya kutosha ukiwa unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Dhana inayonisumbua zaidi ni hii: asiyetoka jasho amezembea. Chini ya pale uti ulipoumia, ngozi mara nyingi haitoi jasho kama kawaida. Aliyeumia shingoni anaweza kujituma kwelikweli akabaki mkavu huku joto likimpanda ndani. Anahitaji feni, maji ya kunyunyizia usoni na kivuli, si lawama. Saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo nayo humdanganya. Neva zinazouamuru moyo uongeze kasi hutokea sehemu ya juu ya kifua, kwa hiyo jeraha la shingo huzikatia amri ya ubongo. Mapigo yake mara nyingi hayavuki 120 au 130 kwa dakika hata akiwa amefika mwisho wa nguvu zake. Usimsukume afikie namba iliyoandikwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Vidole visiposhika je? Rimoti hufungwa kiganjani kwa bandeji ya mpira, na mchezo ukaendelea. Ila isikazwe sana, kwa sababu mkono usio na hisia hautalalamika.

Halafu kuna wanaosema ni mchezo wa ndani, hauna hatari. Kwa aliyeumia kwenye pingili ya sita ya kifuani au juu yake, kibofu kilichojaa au mrija wa kutolea mkojo (katheta) uliojikunja unaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla. Kichwa kinagonga, uso unawiva, jasho linamtoka juu ya jeraha tu. Hilo si dalili ya mazoezi mazuri, na linaweza kuleta kiharusi. Simamisha mchezo, mwache ameketi wima, legeza mikanda na nguo, kagua mrija na kibofu, na dalili zisipoisha haraka mkimbizeni hospitali. Ndiyo maana kibofu hushughulikiwa kabla ya kuwasha televisheni.

Makalio nayo yasisahauliwe: mchezo ukinoga, dakika 30 hupita bila mtu kujiinua wala kuinama mbele kuyapunguzia uzito, na kidonda huanzia hapo.

Bega ndilo linalochelewa kulalamika. Mkono huohuo unasukuma kiti kutwa nzima, unamhamishia kitandani, na sasa unapiga ngumi, karibu kazi zote za kusukuma mbele. Kwa hiyo baada ya ndondi, funga utepe wa mpira wa mazoezi kwenye nondo ya dirisha, uuvute kuelekea kwako taratibu, viwiko vikirudi nyuma. Bega likiuma, siku hiyo ngumi zipumzike.