Oveni Haizuii Kristali Kuzeeka: Dhana Potofu Kuhusu Osileta za Masafa

Osileta ni kifaa kinachotoa mapigo ya umeme kwa masafa thabiti, yaani idadi ileile ya mitetemo kila sekunde. Fundi akisikia kwamba osileta fulani ina oveni ndani yake, mara nyingi huichukulia kama ahadi kwamba masafa hayatahama tena. Oveni hiyo ina kazi moja tu: kushikilia kristali ya kwatsi kwenye joto lilelile, kwa kawaida kati ya nyuzi 70 na 90 za Selsiasi, ili jua la mchana na baridi ya alfajiri visiiyumbishe. Umri wa kristali hauko chini ya mamlaka yake. Kila kauli iliyonukuliwa hapa chini ni dhana ya aina hiyo, ikifuatiwa na jibu lake.

"Joto likitulia, masafa nayo yametulia."

Osileta ya megahezi 10 hutetemeka mara milioni 10 kila sekunde, na idadi hiyo hutegemea uzito wa kristali na namna ilivyobanwa. Chembe za gesi au uchafu uliobaki ndani ya kopo linalofunika kristali zikitua juu yake, uzito huongezeka na masafa hushuka. Zikibanduka, masafa hupanda. Elektrodi, yaani utando mwembamba wa metali uliopakwa juu ya kristali, pamoja na vishikizo vyake, hutoka kiwandani vikiwa na mkazo ambao hulegea taratibu kwa miezi na miaka. Vipuri vya saketi navyo hubadilika. Oveni haizuii lolote kati ya hayo, na baadhi yake huenda kasi zaidi penye joto. Ndiyo maana watengenezaji makini huhangaika na usafi, huziba kristali ndani ya ombwe na kuchagua mkato wa SC, namna ya kukata kristali ambayo haisumbuliwi sana na mkazo.

"Kiwango cha kuhama kwa siku, zidisha mara 365, umepata cha mwaka."

Hesabu hii inapotosha watu wengi sana. Tazama osileta ya 10811 ya Hewlett-Packard, iliyofungwa ndani ya kaunta nyingi za masafa, yaani vifaa vya kupimia masafa, za kampuni hiyo. Karatasi yake ya vipimo inataja kuhama kusikozidi sehemu 5 katika bilioni 10 kwa siku. Zidisha mara 365, unapata karibu sehemu 1.8 katika milioni 10. Lakini karatasi hiyohiyo inataja kikomo cha sehemu 1 tu katika milioni 10 kwa mwaka, sawa na hezi 1 kwenye megahezi 10. Karatasi haijikanushi. Kristali inayofanya kazi bila kuzimwa huzeeka kwa kasi mwanzoni, kisha kasi hupungua kadiri siku zinavyosonga.

Tena mwelekeo wenyewe si wa kuaminika. Uchafu unaweza kuvuta masafa chini huku mkazo unaolegea ukiyasukuma juu, na mshindi akabadilika baadaye. Osileta inaweza kupanda kwa miezi, ikatulia, kisha ikaanza kushuka. Vipimo vya wiki moja havitoshi kutabiri mwaka.

"Ya zamani ni bora, imeshamaliza kuzeeka."

Kuna ukweli ndani yake, mradi osileta haijazimwa. Iliyokaa stoo miaka mingi imepoa, na ukiiwasha hairudi palepale ilipokuwa. Mkondo wa umeme ukishuka dakika chache baada ya kuwasha, maana yake ni kwamba oveni imepata joto, basi. Kristali bado inajipanga, na kazi hiyo inaweza kuchukua siku au wiki. Kile kiwango cha siku cha 10811 chenyewe kina masharti: kifaa kiwe kimewaka saa 24, kiwe hakikuzimwa zaidi ya saa 24, na kabla ya kuzimwa kiwe tayari kilikuwa ndani ya kiwango hicho. Wauzaji wa vifaa vilivyotumika hawataji masharti haya, na mnunuzi hasomi. Huku kwetu ambako umeme hukatika bila taarifa, betri ya akiba ni sehemu ya osileta, si pambo.

"Nimeirekebisha kwa GPS, kazi imekwisha."

GPS hutoa saa sahihi kutoka kwenye setilaiti, lakini kwa kuilinganisha nayo mara moja umeondoa kosa la siku hiyo tu. Tuseme ulianza bila kosa lolote, na osileta inahama sehemu 1 katika bilioni 10 kila siku. Kosa la saa inayoendeshwa na osileta hiyo halikui sawasawa. Linakua kwa mraba wa siku. Siku ya kwanza ni takriban maikrosekunde 4.3, baada ya siku 10 ni 432, na baada ya siku 30 ni karibu milisekunde 4. Mitandao ya simu inayotuma na kupokea kwa zamu kwenye masafa yaleyale huruhusu mnara kupishana na saa ya rejea kwa maikrosekunde 1.5. Mnara wenye osileta kama hii ukipoteza GPS utavuka mpaka huo baada ya saa 14 hivi, hata joto likiwa shwari.

Pale GPS inapoiongoza osileta muda wote, kuzeeka hakuishi. Kunahamia kwenye volti ya kudhibiti, yaani ile inayorekebisha masafa ya osileta, ambayo husogea kidogo kidogo ili kufidia. Iandike volti hiyo kila mwezi. Ikifika mwisho wa uwezo wake, osileta haitaweza tena kufuata GPS, na daftari lingekuonyesha hilo mapema.

"Kaunta yangu inasoma megahezi 10 kamili."

Kama kaunta inapima osileta yake yenyewe, itasoma hivyo daima.

"Masafa yamehama, basi imezeeka."

Angalia kwanza kama kuna mtu aliyeigeuza. Mvutano wa dunia unatosha kusogeza masafa ya kristali kwa sehemu kadhaa katika bilioni ukiilaza ubavu au kuipindua, na badiliko hilo huja papo hapo, tofauti na la umri.

"Nitanunua ya rubidiamu niachane na haya."

Osileta ya rubidiamu, inayofuata atomi za rubidiamu, nayo huhama kwa umri, ila polepole zaidi. Utaendelea kuhitaji rejea ya nje, ukiilinganisha mara chache zaidi.