Lavenda Yako Haijafa kwa Kiu

"Lavenda yangu inanyauka, na naimwagilia asubuhi na jioni!" Jibu limo humohumo kwenye swali.

Asili ya lavenda ni vilima vikavu vya mawe kandokando ya Bahari ya Mediteranea. Kwa joto na unyevu wa Dar, udongo ukilowa muda wote unakosa hewa na mizizi inaoza. Mizizi iliyooza haivuti maji hata yakiwa tele, kwa hiyo majani yanalegea kama yana kiu. Mtu akiona hivyo anaongeza kopo jingine, na huko ndiko kuumaliza mmea. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo unaonata, acha. Ukiwa bado na wasiwasi, uchomoe mmea: mizizi mizima ni myeupe na imekaza; iliyooza ni ya kahawia na inachubuka ukiivuta.

Tumia chungu cha udongo chenye matundu. Changanya udongo kipimo kimoja, mchanga wa mto kimoja na kokoto ndogo kimoja. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache hukohuko Kigamboni. Kisahani cha chini nacho kiondoe, tafadhali: kinalowesha mizizi na kufuga mbu wa dengue. Masika yakianza, sogeza chungu chini ya upenu, ila mahali pa jua.

Kuna na mengine watu husema, nayo si kweli. "Samadi nyingi, maua mengi." Utapata majani mengi na vishina tepetepe.

"Aina zote ni sawa." Ile ya Kiingereza hutaka baridi ndipo ichanue vizuri; Lushoto kuna nafuu. Dar tafuta yenye majani ya menomeno pembeni. Kama muuzaji wa kitalu hajui aina, wewe tazama jani.

"Ukiikata sana inachipua upya." Kata theluthi ya juu tu, penye kijani. Ukifika kwenye shina gumu lisilo na kijani, tawi hilo kwa kawaida halirudi.

"Chungu kimoja dirishani kinafukuza mbu." Hapana. Funga chandarua.

"Mafuta yake ni ya asili, hivyo matone mawili kwenye chai hayana neno." Mafuta hayo ni makali mno, hayamezwi, na yakae mbali na watoto na paka. Ukitaka harufu, kata vikonyo maua ya chini yanapoanza kufunguka, vifunge vichache vichache, uvining'inize kichwa chini kivulini penye upepo. Fungu nene hushika ukungu katikati, hasa miezi ya mvua.