Mikunjo ya nguo kwa mhusika wa 3D: kuchonga au kumodeli?

Ukitaka kumjua msanii wa 3D aliyechonga nguo bila kuitazama nguo halisi, angalia kiwiko cha mhusika wake. Utakuta mikunjo imepangwa kama tambi, yote unene mmoja, inaanza popote na kuishia popote. Brashi ya kuchongea kwenye kompyuta alikuwa nayo, poligoni (vipande bapa vidogo vinavyounda umbo la 3D) mamilioni alikuwa nazo. Hakujiuliza tu kitambaa kimeshikwa wapi.

Chukua kanzu. Imekatwa pana, kwa hiyo mtu akisimama hushikwa mabegani tu, na mikunjo hushuka wima kutoka hapo, myembamba juu, ikizidi upana kadiri inavyokaribia pindo. Akiinua mkono, mikunjo ya ubavuni huanza kutokea kwapani na begani. Akikaa, kitambaa hushikwa na magoti mawili, na katikati hulegea kwa matao. Akikunja kiwiko, kitambaa cha upande wa nje hukaza mpaka karibu kiwe hakina mkunjo. Cha ndani hubanwa na kuvunjika kwa zigizaga. Sogea karibu hapo ndani. Kila mkunjo ni mkali upande mmoja na hufifia upande wa pili, na kati ya mkunjo na mwenzake kuna sehemu ndogo bapa, ya pembe nne. Hizo sehemu bapa ndizo zinazosema "hii ni pamba". Sufu nzito ingekupa mikunjo michache, minene, isiyo na pembe.

Sasa swali lenyewe. Mimi nguo naimodeli, yaani naijenga poligoni kwa poligoni; mikunjo naichonga, yaani naisukuma na kuivuta kwa brashi kama udongo. Shingo, mishono, vifungo na unene wa pindo vinataka kingo safi, na poligoni chache zilizopangwa vizuri hukupa kingo hizo haraka kuliko brashi yoyote ya ZBrush, programu ya kuchonga. Pindo lililochongwa kwa mkono mara nyingi huonekana limevimba.

Mikunjo mikubwa ya chini, hata hivyo, isiachiwe brashi peke yake. Kwenye gemu, michongo huhamishiwa kwenye normal map, picha inayovishwa juu ya poligoni chache, na picha hiyo hubadilisha jinsi mwanga unavyoonekana kugonga kitambaa. Umbo la nje hailigusi. Mhusika akisimama mbele ya ukuta mweupe, pindo lake litakuwa mstari ulionyooka na ujanja wote utafichuka. Kwa hiyo mikunjo hiyo iwemo kwenye poligoni zenyewe. Kinyume chake, zigizaga ya kiwiko ukiichonga kwa kina itabaki palepale hata mkono ukinyooshwa, na hakuna kitu kibaya kama hicho. Mhusika wa kutembea nampa mikunjo hafifu ya mishononi. Ya kina namwekea wa picha tuli.

Wapo wanaosema kazi yote iachiwe Marvelous Designer, programu ya kuigiza kitambaa: unakata vipande kama fundi cherehani, unavishona mwilini, kitambaa kinaanguka chenyewe. Naitumia, na kwa nguo pana kama kanzu ni vigumu kuishinda kwa mkono. Umbali wa chembe (nafasi kati ya nukta zinazounda kitambaa) naupunguza hadi milimita 5 mwishoni tu, maana mapema utasubiri hadi uchoke. Blender, programu nyingine ya 3D, nayo ina brashi ya kitambaa tangu toleo la 2.83 la mwaka 2020, inayotosha kwa marekebisho madogo.

Lakini programu hizi hukupa nguo iliyotoka dukani leo. Alama ya pasi kwenye mikono, kitambaa kilicholegea magotini kwa kukaliwa sana, uzi uliovuta mshono wa ubavuni: hayo nayarudisha ZBrush, kwa brashi ndogo yenye nguvu ya chini.