Kabla Hujahesabu Rhesus Waliokingwa

Nimetumiwa tena lile jedwali la kima aina ya rhesus waliokingwa na chanjo. Safari hii ni mwanafunzi wa uzamili, kijana makini, si mtu wa kubahatisha. Ameingia kwenye hifadhidata ya maabara ya Los Alamos, Marekani, ya majaribio ya chanjo za VVU na SIV (ndugu wa VVU wanaoambukiza jamii ya nyani) kwa jamii ya nyani, akachuja, akahesabu wanyama waliokingwa, kisha akaniuliza: "Daktari, kama zimefaulu hivi, mbona sisi hatujachanjwa?" Wiki hiyo hiyo swali lilifika kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo, ila huko lilikuja limeongezewa "wanatuficha." Basi naandika mara moja, kuanzia sasa nitakuwa natuma kiungo tu.

Hifadhidata yenyewe sina ugomvi nayo, ni kazi nzuri mno. Imekusanywa kutoka makala zilizochapishwa. Unatafuta kwa aina ya mnyama, chanjo, virusi vya kupimia (vile anavyoambukizwa mnyama makusudi baada ya chanjo), njia ya kuambukiza. Lakini haikutengenezwa ili mistari ijumlishwe. Kila jaribio liliuliza swali lake, na jaribio ambalo halikuchapishwa humo hulioni.

Ya haraka kwanza. Wanyama wengi humo ni rhesus, kima wa Asia, ambao porini kwao hawana SIV. Tumbili wetu wana SIV yao ya tangu enzi na enzi, na kwa kawaida hawaugui. Kima wa aina ile ya City Park, Nairobi, nao wana yao. Kwa hiyo msiniletee hoja ya "mbona tumbili wa huku hawafi." Somo tamu, ila la siku nyingine.

La pili, idadi. Chukua rhesus 6 waliochanjwa na 6 wasiochanjwa. Wasiochanjwa wote wanaambukizwa, waliochanjwa wanaponyoka 3. Nusu nzima! Sasa tuseme chanjo ilikuwa maji matupu, na katika hao 12 walikuwemo 3 ambao wangeponyoka vyovyote vile. Uwezekano wa hao 3 kuangukia wote upande wa chanjo ni 1 kati ya 11. Kwa 1 kati ya 11 mimi siitishi mkutano na waandishi wa habari.

Linaloniudhi hasa ni seli. Hakuna anayeuliza virusi vilikuzwa wapi. Kuelekea mwaka 1990 habari njema zilifuatana: unakuza SIV kwenye seli T (aina ya seli za kinga) za binadamu, unaviua, unamchanja rhesus, halafu unamwambukiza makusudi kwa virusi hai, na haambukizwi. Watu wakashangilia. Mwaka 1991 timu ya Stott huko Uingereza ikatoa matokeo ya kundi linganishi ambalo wengine hawakuwa nalo: makaku, jamii moja na rhesus, waliodungwa seli za binadamu peke yake, zisizo na SIV hata chembe. Baadhi yao wakakingwa pia.

Maelezo yake ni haya. Virusi vinapochomoza kutoka kwenye seli huondoka vimejifunika utando wa seli hiyo, pamoja na protini zake, ikiwemo HLA, ile inayoutambulisha mwili wa mtu. Mwili wa mnyama ulikutana na protini za binadamu ukatengeneza kingamwili dhidi yake, na virusi vya kupimia, kwa kuwa navyo vilikuzwa kwenye seli za binadamu, vikaingia vimevaa protini zile zile. Vilikamatwa kwa sababu ya nguo, sura hakuna aliyeitazama. Virusi hivyo vilipokuzwa kwenye seli za kima, kinga ikayeyuka. Mtu anayejumlisha majaribio ya enzi hizo na ya mwaka jana, bila safu ya seli, anajumlisha nini hasa? Nauliza kwa dhati.

Kuna pia SIVmac239, aina ya SIV ya maabara, iliyokatwa jeni moja, nef, ikatumika kama chanjo hai. Mwaka 1992 ilikinga rhesus wazima vizuri kuliko karibu chochote kilichofuata. Mwaka 1995 ikaonekana kwamba virusi vya namna hiyo, vilivyokatwa hata zaidi, viliwapa watoto wa rhesus UKIMWI. Kwenye jedwali la kijana wangu hiyo ni alama ya vema.

Halafu aina ya virusi vya kupimia. Mwaka 2002 chanjo ya kampuni ya Merck iliyobebwa na adenovirusi 5, aina ya virusi vya mafua, iliwasaidia sana rhesus walioambukizwa SHIV-89.6P, mseto wa SIV na VVU. SHIV hiyo inatisha kwa macho: inamaliza seli za kinga za CD4 ndani ya wiki chache. Lakini inaingia kwenye seli kupitia mlango uitwao CXCR4, wakati VVU vinavyomwingia mtu mara ya kwanza kwa kawaida hupitia mlango mwingine, CCR5, na chanjo nyingi tofauti ziliimudu. SIVmac239 ilipotumika, nafuu ikawa hafifu. Hayo yalichapishwa 2005. Septemba 2007 STEP, jaribio la chanjo ya Merck ya aina hiyo kwa watu, likasimamishwa: chanjo haikuzuia maambukizi wala haikupunguza wingi wa virusi kwa walioambukizwa.

Na jeni za mnyama mwenyewe. Baadhi ya rhesus wenye Mamu-B*08 au B*17 (Mamu ni HLA ya rhesus) huidhibiti SIVmac239 bila chanjo yoyote. Hapa Nairobi tuna mfano wetu: chanjo ya HIVA, iliyoanza kujaribiwa kwa watu hapa 2001, ilifuata VVU vya kundi A vilivyoenea Kenya. Mkiani ilipachikwa kipande cha SIV kinachotambuliwa na rhesus wenye Mamu-A*01, ili ipimike kwa wanyama. Kipande hicho kikimwamsha rhesus, mtu wa Pumwani hakimhusu. Kwa watu mwitikio wa seli T ulikuwa dhaifu.

Sasa, msidhani najua kila kitu. Chanjo ya RhCMV, inayobebwa na virusi vya CMV vya rhesus, huwaacha karibu nusu ya rhesus wakiimaliza SIV kabisa baada ya kuambukizwa, na nusu nyingine haiwasaidii kitu. Nimesoma maelezo ya MHC-E, molekuli inayozionyesha seli T vipande vya virusi, na bado siridhiki. Kingine kinachoninyima usingizi ni dozi. Kwa mtu, tendo moja la ngono na mwenye VVU kwa kawaida huambukiza chini ya mara 1 katika 100, ilhali hata dozi tunazoziita ndogo humwambukiza rhesus baada ya kurudiwa mara chache tu. Yawezekana tumeitupa chanjo iliyowafaa watu kwa sababu rhesus walimwagiwa virusi kupita kiasi. Sijui namna ya kulithibitisha hilo, na hifadhidata hainisaidii, kwa kuwa chanjo iliyokwama kwa rhesus mara nyingi haifiki kwa watu.

Kwa hiyo kijana, rudi ukaongeze safu: aina ya virusi vya kupimia, seli vilikokuzwa, dozi, njia, Mamu, na muda tangu chanjo ya mwisho. Safu ya "wamekingwa" iweke mwisho kabisa, na useme wamekingwa dhidi ya nini: kuambukizwa, virusi kupanda, au kuugua. Ukimaliza nitumie, hata kama ni usiku.